Muulize Bi Mkutubi: Kozi ipo, mbona ukiisachi haitoki?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, watu wanatafuta kozi mtandaoni hawazipati na kozi zenyewe zipo. Nimechagua chache, baadhi nimezifupisha, majina nimeyaondoa kama wenyewe walivyoomba.

Assalaam alaykum Bi Mkutubi. Mimi nipo Jambiani, nalima mwani tangu sijaolewa. Mwanangu wa kike kamaliza form six anataka kuusomea huu mwani kwa undani, maradhi yake, na namna ya kuuongeza thamani tusiuze mkavu tu. Tumekaa na simu mpaka bando likamalizika, tumeandika kilimo cha mwani hakuna kitu, akaandika kwa Kiingereza kwenye websaiti moja ya kozi, akabonyeza Kilimo, yakaja mahindi na ng'ombe. Ndo kusema duniani hakuna anaesomesha mwani? – Mama wa Jambiani

Waalaykum salaam mama, na hongera kwa mtoto. Wanaosomesha wapo na kozi zipo, tena nyengine za bure, ila kila chuo kikitangaza kozi kinaipa namba ya somo kutoka kwenye mfumo kinaoutumia chenyewe, na mifumo hiyo haikubaliani mwani akae wapi. UNESCO wana mfumo wao unaitwa ISCED-F wa mwaka 2013, umegawa masomo yote ya dunia kwenye makundi makubwa 11, kuanzia 00 mpaka 10, humo uvuvi na ufugaji wa viumbe vya baharini unaingia 0831. Wamarekani wana wao unaitwa CIP, wao ufugaji wa viumbe vya majini wameupa 01.0303, yani umo ndani ya kundi la kilimo, lakini uvuvi wenyewe wameutoa wakaupeleka 03.0301 kwenye kundi la maliasili, kwa hiyo mvuvi na mkulima wa mwani ambao kwetu wanaonana kila siku pwani huko wameshatenganishwa. Ukiingia maktaba inayofata mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu utakuta vitabu hivi kwenye 639, pamoja na uwindaji. Maktaba inayofata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani imeviweka kwenye herufi SH.

Sasa websaiti ya kozi inakusanya kutoka vyuo mia na kitu, kila kimoja kimekuja na namba zake, wenyewe wakatengeneza vitufe vyao vya Kilimo, Biashara, Afya, na kile wasichojua pa kukitia wanakitupa Mengineyo. Mwanao kabonyeza Kilimo na kozi imo Sayansi ya Bahari. Hakukosea yeye. Waliotakiwa kuiandikia ile mashine kwamba hivi viwili vinahusiana hawakuiandikia.

Afanye hivi. Kwanza asibonyeze kitufe chochote cha kundi, aandike tu kwenye kisanduku. Pili aandike majina ya kisayansi, Eucheuma kwa huu mnaouita spinosamu na Kappaphycus kwa kotonii, kwa sababu jina la kisayansi halibadiliki ukiwa Ufilipino wala Indonesia wala Paje, na kozi inayohusu mwani kama huu wetu inaweza kuwa na moja kati ya hayo mawili ndani ya maelezo yake. Tatu ajaribu na milango ya pembeni, ufugaji wa viumbe vya majini, baiolojia ya bahari, uvuvi, na kwa hilo la kuongeza thamani aende kwenye usindikaji wa chakula, ISCED-F imeupa 0721, mbali kabisa na 0831. Na asiache kuuliza hapa hapa nyumbani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Buyu, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nao wapo, mtu akienda mwenyewe anaambiwa mambo ambayo hayajaandikwa kwenye websaiti yoyote.

Mwani tunaulima kibiashara tokea mwaka 1989 na wanaoulima wengi ni wanawake. Mtoto wa mkulima wa mwani kukosa kozi ya mwani kwa sababu ya vitufe ni jambo linaloniuma na ndo maana nimeipa barua yako nafasi ya mwanzo.

Bi Mkutubi nauliza kitu chepesi. Kwa nini dunia nzima isitumie mfumo mmoja tu tukamaliza? – Msomaji, Chake Chake

Kwa sababu kila mfumo ulizaliwa kufanya kazi yake. Melvil Dewey alitoa wake mwaka 1876 kwa ajili ya vitabu, na kitabu lazma kikae rafu moja tu hata kama kinazungumza mambo matatu. ISCED ya UNESCO ni ya takwimu, wanataka kujua nchi hii imesomesha wahandisi wangapi na ile wangapi, hawana haja ya kujua tofauti ya cherehani na ufumaji. CIP ni ya wizara ya elimu ya Marekani. Ukiwalazimisha wote wavae nguo moja kila mmoja itambana pahala.

Na hata nchi moja peke yake haikai na mfumo mmoja milele. Uingereza walikuwa na JACS, namba zake zikianza na herufi, vyuo vyote vikaizoea, alafu kufika mwaka wa masomo 2019/20 wakaiacha wakachukua HECoS yenye tarakimu sita zisizokuwa na ngazi ndani yake, ngazi zenyewe zimeandikwa pembeni kwenye mpangilio mwengine unaoitwa CAH. Sasa zile kumbukumbu za miaka yote ya nyuma zina namba za JACS, utazifanya nini? Ilibidi waandike jedwali la kuunganisha la zamani na jipya. Kwa hiyo hata ungepata huo mfumo mmoja unaoutaka, kazi ya kuunganisha ingekuwepo tu.

Shikamoo Bi Mkutubi. Mimi kijana wa Mwanakwerekwe, najua kuprogramu kidogo, nataka kutengeneza websaiti ya kutafutia kozi kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba, za hapa, za Bara na za mtandaoni nje. Nimeshakusanya orodha kutoka sehemu tano sita, kila moja na namba zake. Nilifikiri kuilinganisha kwa majina tu, jina likifanana naziunganisha. Nnakosea wapi? – Kijana, Mwanakwerekwe

Marahaba mwanangu, barua yako imenifurahisha na ntakujibu kwa urefu maana ukiifanya vizuri utawafaa watu wengi.

Majina yasikudanganye. Chukua mambo ya hoteli ambayo kwetu ndo riziki ya vijana wengi. ISCED-F wana 1013, hoteli, migahawa na upishi, yote kapu moja, na kapu hilo lipo kundi la 10 la Huduma. CIP wao uendeshaji wa hoteli ni 52.0904, ndani ya kundi la 52 ambalo ni Biashara, na upishi wameutia pengine kabisa, kundi la 12. Ukiunganisha kwa jina utakamata neno hoteli na hoteli, utasema sawa, mambo yamekwisha. Kijana wa Nungwi anaetaka kuwa mpishi hatoona kitu, na mwengine aliebonyeza Biashara ataona kozi za Marekani za hoteli lakini zile zilizokuja na namba ya UNESCO hatoziona hata moja. Unganisha kwa kusoma maelezo ya kila namba, nini kimo na nini kimetolewa, ISCED-F na CIP zote zina maelezo hayo na yapo bure.

Pili, usiweke alama ya sawa kila mahali. Kuna kiwango kinaitwa SKOS, W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, walikipitisha mwaka 2009, ndani yake kuna aina tano za kuunganisha na mimi nakuomba uzitumie zote tano. Kuna sawa kabisa, karibu sawa, pana zaidi, finyu zaidi, na inahusiana. Mfano ule wa mwani, 01.0303 ya Marekani ukiipeleka 0831 ya UNESCO andika pana zaidi, kwa sababu 0831 ina uvuvi pia. Ukirudi nyuma kutoka 0831 kwenda 01.0303 andika finyu zaidi. Ukiandika sawa kabisa, anaetafuta ufugaji ataletewa kozi za nyavu na maboti, na anaetafuta uvuvi kwa jumla ataletewa ufugaji peke yake akadhani uvuvi haupo. Mimi kwa maoni yangu linki ya uongo ni mbaya kuliko kukosa linki, maana ukikosa mtu anajua hajapata na ataendelea kutafuta, lakini ukimpa ya uongo ataondoka akiamini kaona vyote vilivyopo.

Tena angalia hili khasa. Sawa kabisa inapita mkononi, yani A ikiwa sawa kabisa na B, na B sawa kabisa na C, basi A na C ni sawa kabisa. Karibu sawa haipiti, wenyewe walioandika SKOS wamesema hivyo. Ukiiruhusu ipite utaona maajabu, utalii upo karibu na burudani, burudani ipo karibu na michezo, na mtoto alietaka kozi ya kuongoza watalii Mji Mkongwe anaishia kwenye ukocha wa mpira.

Tatu ni hesabu. Ukiwa na mifumo sita na ukataka kila mmoja uzungumze na mwenziwe moja kwa moja, utaandika majedwali 15. Ukichagua mmoja ukaufanya kituo, wengine wote wakapita hapo, majedwali ni matano. Mimi ningekuchagulia ISCED-F kuwa kituo, kwa sababu takwimu za elimu za nchi nyingi zinapelekwa UNESCO kwa namba hizo, na ni ndogo, masomo yake ya tarakimu nne yanakaribia 80 tu, mtu mmoja anaweza kuyasoma yote akayaelewa. Lakini udogo huo huo ndo hatari yake, HECoS ina masomo zaidi ya 1,000, ukiyasukumiza yote kwenye namba 80 hizo utapoteza undani wote ule ambao mtu alihangaika kuuandika. Kwa hiyo usiitupe namba ya asili hata siku moja. Kozi ikija na 01.0303 ibaki na 01.0303 yake, alafu pembeni uongeze 0831. Mtu akisachi unaanza na waliofanana kabisa, kisha karibu sawa, na kama matokeo ni machache ndo unapanda juu kwenye kundi pana, tena umwambie wazi kwenye skrini, hizi ni za uvuvi kwa jumla. Usimletee kimya kimya tu.

Haya si mambo ya kubuni. Maktaba za taifa za Uswisi, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani waliungana kwenye mradi wa MACS kuunganisha orodha zao za vichwa vya masomo, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na hakuna aliemlazimisha mwenziwe kuiacha orodha yake, walichoandika ni viungo tu kati ya orodha na orodha. Kuna na kiwango cha ISO 25964, sehemu yake ya pili ya mwaka 2013 inazungumza hilo hilo la orodha tofauti kufahamiana. Ukipata nafasi kisome.

Sasa jambo dogo ambalo litakuharibia kazi yote usipoliangalia. Namba za ISCED-F nyingi zinaanza na sifuri. Ukizitia Excel kama namba, Excel inaikata ile sifuri bila ya kukuuliza, 0831 inakuwa 831, na 831 kwenye Dewey ni mashairi ya Kijerumani. 0611 ya matumizi ya kompyuta inakuwa 611, anatomia ya mwili wa binaadamu. Kama orodha zako umezichanganya faili moja bila ya kuandika kila namba imetoka mfumo gani, hutojua hata kosa liko wapi, utaona tu mvuvi kaletewa ushairi. Hifadhi namba kama maandishi, na kila namba iandikiwe jina la mfumo wake na mwaka wa toleo lake, CIP ya 2010 na CIP ya 2020 si moja.

Assalaam alaykum. Kila siku tunaambiwa uchumi wa buluu uchumi wa buluu, wizara ipo, kwenye redio upo. Nimesachi kozi za uchumi wa buluu nimepata matangazo ya mikutano na semina za siku mbili. Kozi zenyewe ziko wapi? – Kijana wa Wete, Pemba

Waalaykum salaam. Zimetawanyika mwanangu. Uchumi wa buluu ni sera, na mifumo ya masomo imepangwa kwa fani, hakuna namba ya ISCED-F inayoitwa uchumi wa buluu. Uvuvi upo 0831 kama nilivyomwambia mama wa Jambiani, elimu ya bahari yenyewe, mikondo na maji, ipo kwenye sayansi za dunia 0532, mazingira 0521, utalii 1015, ubaharia na usafiri 1041, mafuta na gesi 0724. Makundi manne tofauti ya juu, na ukibonyeza moja umeyafunga matatu.

Huyu kijana wa Mwanakwerekwe angefanya hivi, angeweka uchumi wa buluu kama mlango wa kuingilia, akauunganisha na namba zote sita kwa ile aina ya tano, inahusiana. Asiseme ni sawa na chochote. Mtu akiandika uchumi wa buluu anafunguliwa orodha imegawika, hizi za uvuvi, hizi za bahari, hizi za utalii, achague mwenyewe. Mpaka siku hiyo wewe tafuta moja moja, na amua kwanza katika buluu yote hiyo unataka kufanya kazi gani, maana mtu wa meli na mtu wa mwani hawasomi darasa moja.

Bi Mkutubi, siku hizi si kuna akili bandia? Inafahamu maana hata ukikosea herufi. Kuna haja gani ya kukaa kuandika majedwali? – Fundi kompyuta, Michenzani

Itumie, mimi siikatai. Inasaidia kukuletea mapendekezo, hii namba inaonekana inafanana na hii, na inakupunguzia kazi kubwa. Lakini inajua kuwa vitu viwili vinakaribiana, haijui vizuri kuwa kimoja ni kipana na chengine ni kipande chake, na hapo ndo penye kazi yote. Kwa Kiswahili inakuwa dhaifu zaidi kwa sababu maelezo ya kozi kwa lugha yetu ni machache, haina pa kujifunzia. Mashine ipendekeze, mtu anaeijua fani athibitishe, na jina la aliethibitisha liandikwe. Kwa nesi muulize nesi, kwa umeme muulize fundi umeme.

Nimemaliza form four, nikisachi unesi naletewa shahada na masters, nyengine za nje ya nchi. Mimi nitaanzia wapi? – Msomaji wa kike, Mkokotoni

Mwanangu hapo umechanganyiwa vitu viwili, somo na ngazi, na kosa ni la websaiti. Somo la uuguzi na ukunga ni 0913 kwa ISCED-F kuanzia cheti mpaka udaktari wa falsafa, namba haibadiliki, ngazi inaandikwa pembeni kwa orodha nyengine. Tanzania ufundi stadi una ngazi ya 1 mpaka 3, alafu NTA, yani ngazi za elimu ya ufundi ya vyuo, inaanzia 4, diploma ya kawaida ni NTA 6 na shahada ni 8. Kwa hiyo tafuta uuguzi kisha chuja kwa NTA, na kama websaiti haina filta ya ngazi andika wewe mwenyewe neno cheti au diploma kwenye kisanduku. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu angalia chuo kimesajiliwa, vyuo vya kati na ufundi kwa NACTVET, vyuo vikuu kwa TCU, na kwa uuguzi uulize pia kama baraza la wauguzi linakitambua cheti chao. Hilo la mwisho usiliruke.

Assalaam alaykum Bi Mkutubi. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Makunduchi na ndie ninaeangalia maktaba yetu. Wanafunzi wananijia kutaka niwatafutie kozi. Nimegundua websaiti nyingi za Kiswahili zimeandikwa kwa maneno ya Bara, watoto wetu wanaandika maneno yetu na hawapati. Hatuna pesa wala mtaalamu. Kuna kitu tunaweza kufanya sisi wenyewe? – Maalim, Makunduchi

Waalaykum salaam maalim, na Mungu akupe nguvu. Kipo, na ni kitu ambacho UNESCO na Wamarekani hawawezi kukufanyia.

Hilo ulilogundua ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwetu tunasema mafunzo ya amali, na mamlaka yetu inaitwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Bara wanasema ufundi stadi. Kwetu ni skuli za maandalizi, Bara ni elimu ya awali na wengine chekechea. Msichana wa Makunduchi akiandika ualimu wa maandalizi kwenye websaiti iliyotengenezwa Dar es Salaam anaambiwa hakuna matokeo, na kozi ipo, ya awali, pengine hata chuo kipo hapa hapa Unguja ila alietia data ni mtu wa Bara. Na namba ni moja tu, 0112, ualimu wa watoto wa kabla ya skuli ya msingi. Namba haina Unguja wala Bara, kwa hiyo ukiyafunga maneno yote matatu kwenye 0112, lolote litakaloandikwa litafika.

Chukua daftari au jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza andika neno kama mwanafunzi alivyolitamka, usilisahihishe, kama kasema unesi andika unesi, kama kasema mambo ya sola andika mambo ya sola. Safu ya pili neno rasmi. Ya tatu namba, ya nne jina la mfumo na mwaka wake, ya tano ni aina gani katika zile tano nilizomwandikia kijana wa Mwanakwerekwe, ya sita nani kaandika na tarehe. Hiyo safu ya kwanza ndo mali yenyewe. Wenye mifumo wana namba nzuri na maelezo marefu lakini hawajui mtoto wa Makunduchi anaandika nini kwenye simu, wewe unajua kwa sababu wanakuja kukuambia kila siku.

Kwa mambo ya kilimo, misitu na uvuvi usianze patupu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana msamiati wao unaitwa AGROVOC, ulianza miaka ya 1980, upo kwa lugha nyingi na Kiswahili kimo, tena umeshaandikwa kwa SKOS na upo mtandaoni bure. Hautokuwa na kila neno letu, na baadhi ya maneno yake utayaona ya kitabuni sana, ndo hapo utie na ya kwetu pembeni bila ya kulifuta la kwao. Fani nyengine, ushoni, umeme, hoteli, itabidi uanze mwenyewe na ISCED-F mkononi.

Usitake kumaliza yote. Anza na kozi ambazo watoto wako wanaziulizia zaidi, alafu kila akija mtoto na neno ambalo halimo, liongeze siku ile ile kabla hajaondoka, na muulize alikusudia nini khasa, maana mwengine anasema kompyuta anataka kujifunza kuchapa tu, hiyo ni 0611, mwengine anasema kompyuta anataka kutengeneza programu, hiyo ni 0613, na mwengine kufunga mitandao, 0612. Neno moja linaweza kwenda namba tatu na si kosa, andika mistari mitatu.

Na pale usipokuwa na uhakika iache safu ya tano wazi, atakuja anaejua ataijaza. Ukifika mistari ya kutosha mpelekee huyu kijana wa Mwanakwerekwe, barua zenu zimefika kwangu wiki moja na mkiniruhusu ntakuunganisheni, yeye ana programu hana maneno, wewe una maneno. Mstari wako wa kwanza nakuanzia mimi: ualimu wa maandalizi; elimu ya awali; 0112; ISCED-F 2013; sawa kabisa; safu ya sita andika jina lako.